Ulifanya Nini Mpaka Akapona?

Mvua iliponyesha Kimuka mwezi wa Machi 2023, ng'ombe walikufa. Hawakufa kwa kiu, maana maji yalikuwa yanatiririka kila mahali, wala hawakuchukuliwa na mafuriko. Waliuawa na baridi. Ng'ombe aliyekaa miaka miwili bila malisho ya kutosha hana mafuta chini ya ngozi, na tumbo lake halina kitu cha kumpa joto. Akinyeshewa usiku mmoja tu, amelala kwenye tope, asubuhi haamki. Yule anayeamka huzifakamia nyasi changa zikishachipuka, akaharisha, akaanguka siku chache baadaye. Wafugaji wa Kajiado wanalijua jambo hili tangu zamani: ukame ukiwa mrefu, siku za kuogopa zaidi ni zile za kwanza za mvua.

Jirani yangu, mama wa Kimaasai ambaye mtaa wote tunamwita Yeyo, alikuwa amebakiwa na ng'ombe watatu katika boma lililokuwa likijaa mifugo hadi mlangoni. Kwa miezi kadhaa yeye na wakaza wanawe waliwainua kila asubuhi. Mmoja anashika mkia, wawili wanapitisha mikono chini ya mbavu, mwingine anashika pembe, wanavuta pumzi pamoja, na ng'ombe anasimama huku miguu inatetemeka. Wanamwegemeza kwenye ua wa boma mpaka apate nguvu. Halafu wanamlisha kwa mkono, robota la nyasi likigawanywa kidogo kidogo, na uji mwepesi wa mahindi ambao watoto wa nyumbani nao wangeunywa. Nimeushika mkia ule mwenyewe siku za Jumamosi. Mtu hudhani ng'ombe aliyekonda atakuwa mwepesi, lakini mnyama asiyeweza kujisaidia hata kidogo ni mzito kuliko aliyeshiba.

Usiku ule mvua iliposhika, niliketi kitandani nikisikiliza mabati yakinguruma, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kulipopambazuka nilibeba chupa ya chai nikaenda kwa Yeyo ili tufurahi pamoja. Nilimkuta amechuchumaa kando ya ng'ombe wa mwisho, jike jekundu lenye baka jeupe kifuani, shingo imezama topeni. Wawili walikuwa wamekufa usiku. Huyu alikata roho nimesimama pale, chupa mkononi. Nikasema lile neno ambalo mtu husema: "Pole, Yeyo."

Akajifuta mikono kwenye shuka, akanishukuru kwa Kimaasai: "Ashe, Mwalimu. Mvua imekuja." Hakuwa analalamika. Alikuwa anasema kwamba mvua imekuja na ni jambo jema. Kisha akaniambia: "Hawa walikuwa wa Mungu. Niletee kile kisu, tuchune kabla jua halijapanda."

Mwezi mmoja kabla ya hapo, tarehe 14 Februari, nchi nzima ilikuwa imeitwa kuomba. Rais William Ruto aliongoza maombi ya kitaifa katika uwanja wa Nyayo, Nairobi, na makanisa ya vijijini nayo yakaomba. Sisi pia tuliomba. Mvua ilipokuja, wengi walisema Mungu amejibu. Mimi nilisema hivyo, na hata leo nasema hivyo. Lakini aliyekuwa akimwamini Mungu kwa sharti la mvua angekuwa na kazi ngumu asubuhi ile kwa Yeyo, maana jibu lenyewe ndilo lililomaliza boma.

Kimuka iko nyuma ya vilima vya Ngong, upande wa magharibi, ukishika barabara ya Ngong kwenda Suswa. Mawingu mengi yanayotoka mashariki humwaga maji yake upande ule mwingine, wa mji wa Ngong na Karen, sisi tukabaki na upepo na ile mitambo mikubwa ya umeme ikizunguka juu ya vilima. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosekana. Ukame wa namna hiyo haukuwa umeonekana kwa miaka 40. Kote nchini mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Waliowahi kuuza mapema waliuza Kiserian kwa bei ya kutupa. Waliongoja walikuja kuuza ngozi.

Nayaeleza haya kwa kirefu kwa sababu imani ninayotaka kuizungumzia haikai hewani. Hukaa mahali ambapo mtu anajua kabisa anachokiomba, kina rangi gani, kinakunywa lita ngapi za maji kwa siku.

Mahubiri yaliyotuzunguka miaka hii yana jibu la haraka kwa kila hali. Umekwama? Panda mbegu. Unataka mpenyo? Tangulia na sadaka inayouma. Hujapokea? Basi imani yako ni haba, au kuna dhambi imefichwa nyumbani, au fungu la kumi hulitoi kamili. Fundisho hili halikuzaliwa kwetu. Mhubiri wa Marekani, Oral Roberts, alilieneza kwa jina la mbegu ya imani, na kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1970: toa kwanza, kisha tarajia muujiza. Likasafiri kwa krusedi, kwa kaseti, kwa redio na runinga. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, likapata njia fupi zaidi ya kufika mfukoni mwa mtu. Mwaka 2014 Wakenya walitazama kwenye runinga jinsi mhubiri mmoja alivyokuwa akidai mbegu ya shilingi 310, na jinsi maji ya kuoshea watu miguu yalivyotiwa dawa yageuke rangi ya damu. Watu walikasirika, wakazungumza wiki nzima, wakasahau.

Mimi sidhani utapeli ule ndio ugonjwa wenyewe. Tapeli huuza kitu ambacho watu wameshafundishwa kukitaka. Tulikuwa tumekubali kitambo kwamba Mungu ana bei, tukabaki kubishana ni nani anatuuzia kwa halali. Wapo wachungaji wengi waaminifu, wasioiba hata ndururu, ambao kila Jumapili wanafundisha bei ile ile kwa moyo mweupe. Wanateolojia wa Kiafrika wa vuguvugu la Lausanne waliokutana Akropong, Ghana, mwaka 2008 na 2009 walilitazama jambo hili bila dharau. Walikiri kwamba Mungu hubariki, na kwamba maskini wana haki ya kutamani maisha mema. Walichokikataa ni ile hesabu, kwamba baraka ni malipo ya imani au ya sadaka, na kwamba umaskini na ugonjwa ni ushahidi wa imani iliyopungua. Nakubaliana nao kwa kila neno.

Biblia yenyewe haifichi kwamba watu humwekea Mungu masharti. Yakobo, akimkimbia kaka yake, alilala Betheli na jiwe chini ya kichwa. Alipoamka aliweka nadhiri iliyojaa masharti: Mungu akiwa pamoja naye, akimlinda njiani, akimpa chakula na nguo, akimrudisha nyumbani salama, ndipo atakuwa Mungu wake, naye atamtolea sehemu ya kumi. Kila nikiisoma habari ile huona huruma. Kabla Yakobo hajafungua kinywa, katika ndoto ya usiku ule ule, alikuwa ameshaahidiwa nchi, uzao, ulinzi na kurudi nyumbani, tena bila kuombwa kitu. Alipewa zawadi, naye akaanza kupatana bei. Mungu hakumkemea. Alitembea naye miaka ishirini kwa mjomba wake Labani mpaka akarudi, akichechemea, akijua kwamba hakununua lolote. Nampenda Yakobo. Ila sioni kwa nini nadhiri ya kijana mwenye hofu iwe ndiyo kanuni ya kanisa.

Hesabu hiyo ya bei ilifika nyumbani kwangu wakati wa korona. Tarehe 26 Machi 2021 Rais Uhuru Kenyatta alizifunga kaunti tano kwa sababu ya ugonjwa huo: Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru. Kafyu ikawa saa mbili usiku, na ibada za kukusanyika zikasimamishwa. Siku hizo hizo Baba watoto wangu alianza kukohoa. Mwenzake wa kwaya, mwanamume wa sauti nzito aliyekuwa akisimama naye bega kwa bega nyuma ya kanisa, akaanza kukohoa pia. Tukajikuta, mimi na mkewe, tunapigiana simu usiku kuulizana ni hospitali gani imebaki na kitanda chenye oksijeni.

Kanisa lilikuwa limefungwa, kwa hiyo maombi yalihamia kwenye simu. Mengi yalikuwa maombi ya kweli. Wapo watu ambao hawakulala usiku kwa ajili yetu, na siwezi kuwasahau. Lakini kati ya jumbe zile ulikuja mmoja, umetumwa na watu wa mbali tusiowajua, ukapita kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine: aya kutoka Zaburi, ahadi kwamba tauni haitaigusa nyumba iliyofunikwa kwa mbegu, na chini yake namba ya kutumia pesa. Sikutuma. Sikuwa nimekataa kwa msimamo wowote. Pesa zote tulizokuwa nazo, na tulizokopa, zilikuwa zimekwenda hospitalini.

Baba watoto alirudi nyumbani wiki kadhaa baadaye, amekonda, anapumzika kila baada ya hatua chache kutoka kitandani hadi mlangoni. Mwenzake hakurudi. Kanuni za wakati ule zilitaka maiti izikwe ndani ya saa 72 na waombolezaji wasizidi 50. Kwaya aliyoiimbia miaka yote haikuweza kumwimbia. Waliimba wachache tu, barakoa usoni, mita moja moja kati ya mtu na mtu.

Mwezi wa Mei makanisa yakafunguliwa. Jumapili ya kwanza mchungaji aliniita mbele nitoe ushuhuda. Alikuwa na furaha ya kweli. Alikuwa ametuombea na alitaka kanisa lifurahi. Akanipa kipaza sauti, akasema: "Dada Mwalimu, hebu waambie wapendwa. Ulifanya nini mpaka Bwana akamponya?"

Mbele yangu, safu ya pili, aliketi yule mama mwenzangu, mwenye nguo nyeusi, watoto wake wawili kila upande. Alikuwa ameinua uso ananitazama. Sikuona wivu wala uchungu kwenye uso ule. Alikuwa anangoja jibu. Aliitaka kweli ile siri, kwa sababu alikuwa ameshajiuliza swali hilo hilo usiku kucha: yule mwingine alifanya nini?

Nilisimama pale na sentensi zote ninazozijua za ushuhuda zikanikauka. Ningesema nilifunga, yeye naye alifunga. Ningesema niliamini bila shaka, ningekuwa namwambia kwamba yeye alitia shaka. Ningesema Mungu ni mwaminifu kwa wanaomtumikia, marehemu alikuwa amemtumikia kwaya nzima ikimsikia. Sababu yoyote ambayo ningeitoa ya mume wangu kupona ilikuwa, kwa upande wa pili, shtaka dhidi ya mume wake aliyekufa. Hakukuwa na namna ya kulieleza jambo lile bila kumpiga mjane.

Nikasema: "Sikufanya kitu. Mungu ameniachia Baba watoto. Namshukuru." Nikarudisha kipaza sauti, nikaketi. Ulikuwa ushuhuda mfupi mno, na watu walingoja kidogo wakidhani naendelea.

Baada ya ibada alinifuata kwenye mti tunapoegesha pikipiki. Alinishika mkono, hakuuachia kwa muda. "Mwalimu," akasema, "mimi nilituma. Nilituma ile mbegu, nikaambiwa niongeze, nikaongeza. Alipokufa nilipiga ile namba. Wakaniuliza kama hakuna kitu tulichomficha Mungu nyumbani kwetu."

Sijui mtu anaanzaje kulijibu neno kama hilo. Tulikaa kwenye mizizi ya ule mti mpaka watoto wakaanza kulia njaa. Tangu siku ile, ninapousikia ushuhuda wenye maelezo, hutupa macho kwanza safu ya pili. Siwasikilizi tena wahubiri wa mbegu kwa kuuliza kama ahadi zao hutimia, kwa sababu mara nyingine hutimia: watu hupona, hupata kazi, hupata watoto. Nauliza fundisho lao linamfanya nini yule ambaye hakupata. Linamchukua mtu aliyefiwa na kumwongezea kesi. Linamfukuza kwenye mlango ule ule wa pekee ambapo angeweza kulia.

Shetani katika kitabu cha Ayubu anauliza kwa ujanja mkubwa kama Ayubu anamcha Mungu bure. Anadai kwamba mtu yule ananunuliwa: ondoa ng'ombe, ngamia na watoto, uone kama hatalaani. Kitabu chote kimesimama juu ya swali hilo. Wahubiri wetu hupenda kukianzia mwisho, Ayubu anaporudishiwa mali mara mbili, lakini Ayubu alikuwa ameshasujudu katika sura ya kwanza, siku ya msiba, wakati hakuna aliyemwahidi kurudishiwa hata kondoo. Na wale watoto waliokufa hawakufufuka. Marafiki waliokuja kumfariji nao nawajua sana. Siku saba walikaa naye chini, kimya, na hapo walikuwa marafiki wazuri kuliko wengi wetu. Waliharibu walipoanza kutoa sababu. Mwishoni Mungu anawakasirikia wao waliomtetea kwa hesabu safi, na kusema ni Ayubu, aliyelia na kuhoji na kulalamika, ndiye aliyenena yaliyo sawa.

Katika ushirika wetu wa akina mama, mwaka ule wa mwisho wa ukame, zamu yangu ya kusoma Neno iliangukia Habakuki sura ya tatu. Ni pale nabii anapotaja mtini usiochanua, mzabibu usio na matunda, mashamba yasiyotoa chakula, zizi lisilo na kondoo na banda lisilo na ng'ombe, na bado anasema atamfurahia Bwana. Nimeisikia aya ile ikisomwa Nairobi, ikapita kama maneno mazuri. Kimuka ilisomwa kama taarifa ya habari. Wanawake waliokuwa wameketi pale walikuwa wametoka kununua maji ya boza kwa jerikeni asubuhi ile, na kila mmoja alikuwa na boma lake kichwani. Yeyo alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Huyu alikuwa mfugaji." Hakuongeza neno.

Namkumbuka Cucu yangu, mama mzaa mama, ambaye alikuwa mmoja wa watu wa uamsho. Uamsho ule ulianzia Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, na mwaka 1937 kundi la wahubiri wake likafika Kabete. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wengi wa watu wa uamsho walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi wao wakakataa vilevile kushika bunduki ya serikali. Wakapigwa na pande zote mbili, wengine wakauawa. Cucu alipoteza mume wake, Guka yetu, siku hizo. Alipotusimulia, hakutuambia kamwe kwamba Mungu alimlipa baadaye kwa shamba au kwa watoto waliosoma, ingawa shamba alilipata na watoto walisoma. Alizitaja habari hizo mbali mbali. Kifo cha Guka kilikuwa kifo cha Guka, na shamba lilikuwa shamba. Askofu mkuu Janani Luwum wa Uganda, aliyeuawa na utawala wa Idi Amin mwezi wa Februari 1977, alitoka katika uamsho huo huo. Watu wa aina ile walikuwa na wimbo wa kushukuru uliowatosha, na ukiusikiliza vizuri hautaji nyumba, gari wala kazi.

Kuna anayeniuliza, na ni haki yake kuuliza, kama basi tusiombe chochote. Kwamba mtu akae tu, apokee yanayokuja, aseme ni mapenzi ya Mungu. Hapana, sisemi hivyo. Nawaogopa watu wanaosema hivyo haraka, hasa wanapowaambia maskini. Yeyo aliomba mvua kwa sauti iliyovuka bonde. Aliwataja ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi zao. Mimi nilimwomba Mungu amwache mume wangu hai, nikaomba kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na sikuwa na utulivu wowote. Bwana Yesu mwenyewe aliomba kikombe kiondolewe, mara tatu, jasho likimtoka. Paulo naye aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, ukabaki. Ombi halina aibu. Mtoto wa nyumbani huomba waziwazi, wala hatoi rehani. Ninachokikataa ni ile sehemu ya pili ya sentensi: nipe hiki nami nitakupa kile, nimekupa kile, sasa mbona hiki hakijaja?

Wala kutomwekea Mungu masharti hakukumzuia Yeyo kutumia akili. Alikuwa amewauza madume mapema, watu wakimcheka. Alinunua nyasi zikiwa bado na bei ya kueleweka. Alichimba bwawa dogo la kukingia maji. Nimegundua kwamba anayefanya biashara na Mungu ndiye huchelewa zaidi kuuza ng'ombe, kwa sababu ameahidiwa kwamba wake hawatakufa. Aliyekubali kwamba wanaweza kufa huamka mapema kuwatafutia majani.

Padre Vincent Donovan, aliyeishi na Wamaasai wa Loliondo upande wa Tanzania na kuandika habari zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1978, anasimulia juu ya mzee mmoja aliyemfundisha imani kwa habari ya simba awindaye. Mzee alimwambia kwamba huwa tunadhani sisi ndio simba, tunamwinda Mungu na kumkamata. Mwisho wake, akasema, simba ni Mungu. Ni yeye aliyetutafuta, akatushika kwa nguvu zake zote. Nikiwatazama wazee wa Kimuka naona kwamba hili wanalielewa kwa haraka kuliko sisi tuliosoma. Wamelelewa katika nchi ambayo mtu hawezi kujidai kwamba ameishika mvua.

Ukoo ulimchangia Yeyo mitamba baada ya ukame, kama ilivyo desturi ya Wamaasai kwa mtu aliyeishiwa. Wapo waliosema kanisani kwamba amerudishiwa, kwamba uaminifu wake umelipwa. Aliwasikia. Akawaambia kwa upole kwamba wale ni ng'ombe wa shemeji yake wa Ewuaso, na kwamba mwaka ambao shemeji ataishiwa, yeye naye atatoa. Ilikuwa furaha tupu kumwona tena akikinga maziwa kwenye kibuyu, na hakuna aliyefurahi kuliko mimi. Ila hakukubali furaha ile igeuzwe risiti.

Yule mama wa safu ya pili sasa ndiye mweka hazina wa ushirika wetu. Anashika daftari la michango kwa uangalifu mkubwa, na yeye ndiye aliyependekeza kwamba siku ya ushuhuda mtu asiulizwe alifanya nini. Aseme anashukuru nini, au analilia nini, aketi. Mchungaji alikubali mara moja. Naamini alikuwa ameshaliona. Siku hizi wanaolia ni wengi kuliko zamani. Nadhani walikuwepo siku zote, ila walikuwa wananyamaza.

Mwaka 2024 mvua ikaja kupita kiasi. Mwezi wa Aprili mto Athi ulivunja kingo zake, na watu wa Kitengela wakaokolewa kwa mashua kutoka majumbani mwao. Usiku wa kuamkia tarehe 29, maji yaliyoporomoka karibu na Mai Mahiu, chini yetu kule bondeni, yalisomba nyumba watu wakiwa wamelala, wakafa kwa makumi. Jumapili iliyofuata tulipiga magoti kuomba mvua ikome. Tulipoinuka, kijana mmoja wa kidato cha tatu, mwenye hasira zaidi kuliko maswali, akauliza: mwaka jana si ni sisi tuliokuwa tunalia inyeshe?

Kanisa likanyamaza. Mchungaji alikuwa anatafuta neno. Yeyo, aliyekuwa bado anajiinua kwa kushikilia benchi, akamgeukia.

"Ndiyo, tulilia inyeshe. Leo tunalia ikome. Ulitaka tumlilie nani mwingine?"

Kijana akashusha macho. Yeyo akamwita asogee, akamwonyesha magunia ya blanketi pembeni ya mlango na kumuuliza kama anaweza kumsaidia mweka hazina kuyahesabu, maana gari la Mai Mahiu lilikuwa linaondoka saa nane.